Darasa Lililotulia, Si Darasa Lililoogopa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefundisha shule za msingi hapa Mombasa, Kenya: Likoni, kisha kisiwani, na sasa Kisauni. Maswali haya nimeulizwa na walimu wenzangu tukisahihisha vitabu, na wazazi langoni, na mengine nilijiuliza mwenyewe usiku nisipopata usingizi. Nimeyajibu jinsi ninavyoyajibu nikiulizwa ana kwa ana, kwa hivyo mengine yana majibu marefu na mengine mafupi.

Darasa langu huwa kimya kama maji mtungini. Kwani hilo silo darasa tulivu?

Huenda ndilo, huenda silo. Kuna kimya cha mtu aliyezama kazini, na kuna kimya cha panya aliyesikia paka. Ukitaka kujua kwako kuna kipi, simama karibu na dawati la mbele kisha unyanyue mkono ghafla kufuta ubao. Mtoto akikwepa, umeshajibiwa.

Ama uliza swali gumu kidogo. Walipotulia, watajaribu hata kama watakosea, na mmoja atasema, "Mwalimu, hapo sijafahamu." Walipoogopa, wote watainamia madaftari. Mimi sauti ninayoitafuta darasani si kimya, ni mvumo, kama wa soko la Kongowea ukisikika kwa mbali: kila mtu ana shughuli yake na hakuna anayemgombeza mwenziwe.

Na hofu haikai moyoni tu. Mtoto akishtuka, mwili humwaga adrenalini, moyo humwenda mbio na misuli hukaza tayari kwa kukimbia au kupigana. Wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kufikiri na kukumbuka, hufanya kazi kwa shida. Ndiyo maana mtoto aliyemwambia mamake jana usiku saba mara nane ni ngapi, leo amesimama ubaoni chaki mkononi hajui hata saba ni nini. Wewe unaona ukaidi. Yeye mwenyewe hajui jibu limemtoroka wapi.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Bila kiboko, watoto wa siku hizi watasikia kweli?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi ya yote, na mara nyingi anayeuliza huwa ameshajijibu.

Nianze na sheria ili tusizungushane. Viboko shuleni viliondolewa kwenye kanuni za elimu za Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kwa njia yoyote, ya kimwili au ya kisaikolojia, na anayevunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Neno "kisaikolojia" wengi hulipita haraka. Kumwita mtoto punda mbele ya wenziwe kumo humo ndani.

Sheria yote hiyo, na bado sote tunajua mti wa mwarobaini ulio nyuma ya chumba cha walimu umenyonyolewa matawi ya upande gani.

Sasa methali. Isome tena: haikutaja fimbo. Imesema usimwogope mwana akilia. Na mtoto hulia kwa mengi: akiambiwa arudie zoezi zima, akikatazwa kutoka kucheza mpaka apanguse maji aliyoyamwaga makusudi, akiketishwa abandike kwa gundi kurasa za kitabu cha mwenziwe alichokichana. Hayo yote nayafanya, na machozi nayaona, na sirudi nyuma. Isitoshe, wahenga haohao walisema ukali wa jicho washinda wembe. Mwalimu mwenye jicho hahitaji mkwaju.

Nami sijazaliwa na hekima hii. Mwaka wangu wa pili kazini nilimchapa kijana mmoja bakora tatu kwa kucheka nilipokuwa nikisoma. Yeye alirudi kitini akajipangusa mikono, hata hakulia. Aliyejikojolea alikuwa msichana wa dawati la nyuma yake, ambaye hakuwa amefanya lolote, na ambaye muhula ule mzima hakunyoosha mkono tena. Nilikuwa nimewachapa wawili na kuhesabu mmoja.

Nina watoto zaidi ya 60. Mambo haya si ya shule za kulipia?

Ninakuelewa, kwa sababu madawati yangu pia hukaliwa na watoto wanne. Lakini darasa kubwa ndilo linaloumizwa zaidi na ghasia, na ndilo linalofaidi zaidi mambo yakiwa na utaratibu. Mtoto hutulia akijua kinachofuata. Kwangu kila asubuhi huanza vivyo hivyo: nasimama mlangoni, kila mtoto ananipa salamu anayoitaka, mkono au "shikamoo" au kutikisa kichwa tu, halafu anakuta kazi fupi ubaoni. Hiyo salamu huchukua dakika 5 na hunipa habari nyingi kuliko sajili. Macho mekundu, shati la jana, aliyekuja bila ndugu yake, yote huyaona hapo mlangoni.

Kuwanyamazisha usitumie sauti. Ukipiga kelele kushinda kelele, umeongeza kelele moja. Mimi hutumia kitu ambacho hakuna mtoto wa Pwani asiyekijua: nasema "Paukwa!" nao "Pakawa!" Nasema tena chinichini, nao wanajibu chinichini. Mara ya tatu nanong'ona, na wananong'ona. Wale wa Gredi ya 6 walijidai wakubwa mwanzoni. Sasa nikisahau hunikumbusha wao.

Na tafadhali, ile karatasi ya majina ya wapiga kelele anayoandika kiranja ukiwa nje, ichane. Humfundisha mtoto mmoja kuuza wenziwe, na huwafundisha waliobaki kumhonga mabuyu. Nimeona jina likifutwa kwa pakiti moja ya achari.

Baada ya saa saba mchana hawashikiki. Ni utundu au ni joto?

Mara nyingi ni joto, hasa Januari hadi Machi. Upepo wa kaskazi unapokuwa umekata, darasa la mabati huwa tanuri, na unyevu wa bahari hufanya jasho lisikauke mwilini, kwa hivyo mwili haupoi. Mtu mzima aliye katika hali hiyo hugombana na kondakta kwa shilingi kumi. Mtoto je?

Hisabati na kusoma viweke asubuhi. Mchana weka kuchora, kuimba, kazi ya mikono, au hadithi chini ya mwembe ikiwa shule yenu ina kivuli. Fungua madirisha ya pande zote mbili upepo upenye, si ya upande mmoja. Weka ndoo yenye mfuniko na mfereji, na uruhusu kunywa maji bila kuomba ruhusa kila mara. Kunawa uso na mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kipindi cha mchana husaidia kuliko mahubiri yoyote kuhusu nidhamu. Walimu wakuu wengine hukataa kusogeza ratiba. Waombe wakae kipindi kimoja kwenye dawati la nyuma saa nane mchana.

Na Ramadhani?

Miaka hii Ramadhani imeangukia kwenye joto lilelile: 2025 ilikuwa Machi, 2026 ikasogea Februari. Mtoto aliyeamka kula daku, akaswali, akaja shule, halafu jioni ana madrasa na usiku tarawehe, ana usingizi wa kweli. Akilaza kichwa dakika 10 mchana, mwache. Michezo ya juani iahirishe.

Jambo ambalo walimu wengi hawalioni ni jinsi watoto wanavyopelelezana. Usiulize mbele ya darasa nani amefunga. Kuna aliyefungulia kwa ugonjwa, kuna msichana mkubwa aliye kwenye siku zake, kuna mdogo aliyeshindwa saa nne tu. Wenziwe wakimwita kobe, yaani anayekula mchana kwa siri, siku yake imeharibika, na kesho atakuja na uongo au hatakuja kabisa. Watoto wasiofunga nao wawe na mahali pa kula bila kujificha chooni kama wezi.

Mtoto amelipuka: anarusha vitabu, anapiga mateke. Nifanye nini dakika hiyohiyo?

Kwanza wewe. Shusha mabega, toa pumzi. Mtoto aliyevurugika huazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu, na ukiwa huna, hutamkopesha.

Kisha mwondolee hadhira. Wape wengine kazi ya kuwageuza macho, ama mpe kiranja awapeleke nje kwa mstari. Usimsimamie mtoto mbele ukamwinamia. Chuchumaa ubavuni mwake, mbali kidogo, urefu wako uwe chini ya wake. Usimshike ila kama anakaribia kujiumiza au kumuumiza mwenziwe. Maneno yawe machache: "Niko hapa. Hakuna atakayekupiga." Usimuulize "kwa nini". Hilo ni swali la kutaka kufikiri, na kwa sasa kufikiri kumefungwa.

Akianza kupungua, mpe maji, halafu pumzi. Kwa wadogo nasema, "Puliza uji, ni wa moto, usimwagike." Wanavuta kidogo na kupuliza taratibu. Siri iko kwenye kupuliza: pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, neva iitwayo vagasi hupunguza kasi ya moyo. Kwa wakubwa, hesabu tatu kuvuta, sita kutoa. Ila usingoje mpaka walipuke ndipo ufundishe. Uji hupulizwa kila asubuhi sote tukiwa tunacheka, ili siku ya siku mwili wenyewe ukumbuke.

Mazungumzo ya nini kilitokea na nani ataokota vitabu yapo, lakini ni ya baadaye, pengine baada ya saa nzima. Vitabu ataviokota yeye. Naweza kumsaidia, lakini ataviokota.

Kona ya kutulia si itakuwa maficho ya wavivu?

Wawili watatu watajaribu wiki ya kwanza. Kwangu ni jamvi moja nyuma ya kabati na shisha ya mchanga, yaani saa ya kupimia muda, tuliyotengeneza kwa chupa mbili za plastiki. Mchanga ukiisha, unarudi kitini. Mtoto huenda mwenyewe, simpeleki kwa adhabu, maana siku nitakayompeleka kwa adhabu hapatakuwa pa kutulia tena. Anayekwenda kila kipindi cha hisabati si mvivu. Anakueleza jambo kuhusu hisabati yako.

Kuta zangu zimejaa chati na picha. Hazisaidii?

Nyingi mno huchosha macho. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto wadogo masomo yaleyale katika chumba kilichojaa mapambo na katika chumba kitupu. Penye mapambo walikengeuka zaidi na kujifunza kidogo zaidi. Bakisha za mada ya wiki hii na kazi za watoto wenyewe. Nyingine kunja.

Nina mtoto asiyezungumza kabisa. Nimlazimishe?

La. Jipime wewe kwanza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aligundua katika miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Sekunde tatu ukiwa mwalimu ni ndefu kama foleni ya feri. Hesabu kimoyomoyo. Wape pia nafasi ya kumwambia mwenzake wa dawati kwanza, kisha darasa.

Halafu chunguza anachochekwa. Kuna shule bado mtoto huvikwa kibao shingoni akipatikana anazungumza Kiswahili badala ya Kiingereza, hapahapa Mombasa, mji ambao watu wake wametunga mashairi kwa Kiswahili kwa karne nyingi! Mtoto huyo amefundishwa kwamba mdomo ni hatari, na kunyamaza ndiyo akili. Na mtoto aliyehamia kutoka ndani ya Kilifi au Kwale, lafudhi yake ikiigizwa siku moja tu na mwalimu akacheka, umempoteza hadi Disemba. Darasani kwangu sheria ya kucheka ni moja: tunacheka pamoja na mtu, na yeye ndiye anayeanza.

Akiendelea kunyamaza hata nje na marafiki, au akiziba masikio kwa kelele ndogo, zungumza na wazazi apelekwe kituo cha tathmini ya elimu maalumu. Pengine ni usonji, pengine ni masikio, na hakuna kati ya hayo linalotibiwa kwa kukaripiwa.

Wasichana wa darasa la juu wanaanguka "mapepo" mmoja baada ya mwingine. Hilo nalo ni la mwalimu?

Ni la mwalimu kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote, kwa sababu wewe ndiye uliye pale.

Sitabishana na mtu kuhusu imani yake, na mzazi akitaka kumsomea mwanawe dua nyumbani, hiyo ni haki yake. Lakini kuambukizana kwa namna hii kunajulikana. Tarehe 30 Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika (sasa Tanzania), wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kuacha. Kufikia shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waganga walipima, hawakukuta sumu wala ugonjwa. Ilionekana ni dhiki ya moyo iliyopata njia ya kutokea, ikapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine kwa kuonana.

Kwa hivyo: watenganishe walioanguka na watazamaji, upole, bila mbio. Wapungue wanaopiga mayowe, walimu wakiwemo. Chunguza pumzi na majeraha, mpeleke hospitali asiyerudiwa na fahamu au anayetetemeka mwili mzima, maana kifafa nacho kipo. Usilete umati wa kukemea uwanjani. Ukishawatuliza, tafuta kimya kimya kinachowabana: mtihani, mwalimu fulani, ndoa inayopangwa nyumbani, bweni lisilolalika. Mara zote mbili nilizoshuhudia kulikuwa na jambo. Mara moja lilikuwa jambo ambalo shule haikutaka lijulikane.

Mtaani kulikuwa na vijana wa mapanga usiku. Asubuhi nianze vipi?

Usijifanye hakikutokea. Sema jambo moja la kweli: "Jana usiku kulikuwa na matatizo, wengi wetu tuliogopa, sasa tuko shuleni pamoja." Kisha ratiba iendelee kama kawaida, kwa sababu kawaida ndiyo dawa. Wape karatasi wachore wakitaka. Usimlazimishe yeyote kusimulia alichokiona, na usikubali darasa ligeuke la kushindana nani aliona damu nyingi.

Mtoto ameniambia siri nzito. Familia inasema tusitiriane.

Ukiombwa "usimwambie mtu", usiahidi. Sema, "Nitawaambia tu wale wanaoweza kukusaidia." Msikilize, usimhoji kama polisi, na andika maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe. Kisha mwalimu mkuu, na afisi ya watoto ya kaunti ndogo, au dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto haitozwi pesa na hupokewa saa 24. Ukiona mwalimu mkuu anavuta miguu, piga wewe.

Kama ni unajisi, mtoto asiogeshwe wala nguo zisifuliwe, na afike hospitali upesi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Hospitali Kuu ya Pwani, ile wengi wetu twaiita Makadara, ina kitengo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili huo.

Ama neno sitara, ni neno zuri ninalolipenda, na linatumiwa vibaya. Anayestahili kusitiriwa hapo ni mtoto: jina lake lisizagae mtaani, asiitwe mbele ya watu. Mjomba aliyemharibu hakutajwa popote katika sitara.

Nami mwalimu nikikosea? Naweza kumwomba mtoto msamaha bila kushuka heshima?

Unaweza, na heshima haipungui. Muhula uliopita, Ijumaa moja, stima imepotea, feni imesimama, nimechoka tangu asubuhi, nilimpokonya mtoto wa Gredi ya 4 kalamu aliyokuwa akiigonga dawatini, nikaitupa mezani kwangu na kumwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa lilelile, si pembeni kwa siri, nikasema, "Ijumaa nilikukasirikia kupita kiasi, na maneno yale hayakuwa ya haki. Nisamehe."

Alinitazama, akawatazama wenziwe, akafikiri.

"Haya, mwalimu, nimekusamehe. Na kalamu yangu?"

Ilikuwa bado kwenye mkoba wangu.